Jua la Zamu

Mkono wangu wa kulia una vidole viwili visivyonyooka. Nikishika kalamu, kama hivi ninavyoishika sasa, kidole cha mwisho na jirani yake hujikunja kama vimeficha kitu. Watu wakiniuliza nawaambia nilishikwa na friza. Wanacheka kwanza, halafu wakiniangalia usoni wanaacha. Skuli nimesoma mpaka darasa la tano na mwandiko wangu si wa kujivunia, lakini haya nataka niyaandike mwenyewe, kwa mkono huu huu. Walionitia kilema hiki ni watatu: mume wangu, dada yake, na mke mwenzangu. Majina yao siyaandiki. Siwaogopi. Wakisoma watajijua, na wasipojijua wapo watakaowaonesha.

Mimi ni mke mkubwa. Nakaa Mji Mkongwe, orofa ya juu kabisa ya nyumba aliyotuachia marehemu mama. Fungu langu la urithi ni vyumba viwili, jiko, na uwazi wa juu wa kuanikia nguo. Chini kuna bwana mmoja kapanga, anauza vinyago na kanga kwa watalii. Mke mdogo anakaa Mpendae, nyumba ya matofali yenye kiwanja chake, mpapai wake na bomba lake nje. Mume analala siku mbili kwangu, siku mbili kwake.

Mume wangu anaogopa jambo moja tu duniani na akhera, nalo ni dhulma baina ya wake. Kila akisikia mawaidha ya yule mtu mwenye wake wawili atakayefufuliwa ameinama upande mmoja, huligusa bega lake kama linamuuma. Kwa hiyo hugawa. Akinunua doti ya kanga kwake, ananunua doti kwangu, rangi ile ile, hata kama rangi yenyewe mimi inanifanya kama maiti. Akinunua samaki mkubwa humpasua kutoka puani hadi mkiani, nusu hapa nusu kule, ili kila mmoja apate jicho moja. Miaka yote tangu alipooa mara ya pili sijapika kichwa cha samaki kizima. Watoto wangu walikua wakidhani nguru ana jicho moja.

Nami naishi kwa friza. Nauza barafu za ubuyu, za ukwaju na malai. Nina kikapu chenye kamba ndefu. Wanafunzi na wachukuzi wakipita chini wanaita, nakiteremsha dirishani, wanatia pesa, nakivuta, nakiteremsha tena na barafu zao. Binti yangu wa mwisho anasoma chuo kule Tunguu, na chakula chake, nauli yake, mpaka chaji ya simu yake, vyote vinatoka ndani ya friza ile. Simwombi baba yake. Nikimwomba shilingi moja atahisi anadaiwa shilingi ya pili Mpendae, na mimi sitaki kumpelekea riziki mwanamke yule kwa mdomo wangu.

Basi ulikuja wakati umeme ukawa haukai. Unazimika asubuhi, unarudi adhuhuri, unazimika tena. Siku nyengine unazimika kwetu, Mpendae upo. Siku nyengine kinyume chake. Siku nyengine kisiwa kizima. Barafu haingoji. Ikiyeyuka mara moja na kuganda tena inakuwa na chembe kama mchanga, na watoto wa skuli si wajinga, wanaijua.

Wakati huo mume alikuwa fundi wa pampu katika hoteli moja ya mashamba, upande wa mashariki. Ufundi wenyewe kaupata kwa kutazama wenzake. Hoteli ikapata mwenyewe mpya, na yule wa zamani hakuwa na kiinua mgongo cha kuwapa wafanyakazi, akawaambia kila mtu achukue kitu. Wenzake walichukua vitanda, magodoro, vioo vya chooni. Mume wangu akachukua sola. Paneli nne, betri nne, inveta moja ile inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumba, na nondo moja ndefu ya shaba, ile ya kuzamisha ardhini ili umeme ukipotea njia ushuke chini usimguse mtu.

Hakuipeleka kwangu wala kwake. Aliishusha kwa dada yake, akatuita sote wawili. Wifi yangu ni mtu mzima, mjane, na kazi yake ni kuamua mambo ya watu wengine. Alikaa juu ya kiti, sisi tukakaa mkekani.

“Paneli mbili mbili, betri mbili mbili,” alisema mume. “Hapo hapana shida.”

“Na inveta?” nikauliza.

Akaanza kujigusa bega.

Mke mwenzangu akasema, kwa ile sauti yake ya kama anamlaza mtoto, akinielekea mimi, “Inveta akae nayo Dada. Yeye ndiye mwenye friza.”

Sauti hiyo ndiyo iliyomchukua mume wangu. Nikamtazama mwanamke yule, naye akatazama mkeka. Alijua vizuri sana kuwa nikiipokea kwa mdomo wake nitakuwa nimepewa na yeye.

“Sitaki sadaka,” nikasema.

“Hiyo si sadaka, Dada.”

“Basi na iitwe jina lolote, siitaki.”

Wifi akainua mkono. “Nyamazeni nyote. Mnabishana nini, na mume mnaye mmoja na hamjamkata? Inveta na imfuate mume. Akilala kwako inalala kwako, akilala kwake inalala kwake. Kwisha.”

Wallahi hakuna aliyecheka. Tuliona wifi kahukumu. Mume alivuta pumzi kama mtu aliyeteremshiwa mzigo, akaichukua ile nondo ya shaba, akaipima kwa uzi, akaomba wanja wa dada yake akatia alama katikati, kisha akaleta msumeno wa chuma. Akaikata pale pale uani. Shaba ilikuwa inang'aa kama dhahabu pale ilipokatwa. Nusu akanipa mimi, nusu akampa yeye, na mimi nikaziweka mbili zile pamoja kuangalia kama zimelingana. Zilikuwa zimelingana.

Kwangu alifunga kwa siku moja. Paneli alizilaza kule juu kwenye uwazi wa nguo, akazikandamiza na mawe ili upepo usizibebe. Betri akaziweka chini ya ngazi. Kisha akatengeneza waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili, upande mmoja kwenye inveta, upande wa pili kwenye soketi ya ukutani. Akaniambia: umeme ukizimika, zima swichi kubwa kwanza, ndipo uchomeke. Ukisahau kuzima unapeleka umeme mtaani. Nilimwuliza, na nikizima lakini nikaigusa ile plagi ya pili ikiwa hewani? Akasema, “Kwa nini uiguse?” Ndiyo jibu alilonipa.

Ikabaki nusu nondo. Akazunguka nayo juu, akachungulia chini, akarudi.

“Ardhi iko wapi hapa?”

“Chini,” nikamwambia. “Ardhi siku zote iko chini.”

“Chini kwa mwenye duka. Yule hatokubali tuchimbe.”

Akatazama chungu changu cha asumini. Ni chungu kikubwa, mama alikipata kabla sijazaliwa. “Na hii si ardhi?”

“Huo udongo.”

“Udongo na ardhi ni vitu viwili?”

Mimi ni mtu wa darasa la tano, na yeye ni fundi. Akaichomeka nusu nondo kwenye chungu cha asumini, katikati ya mizizi, akafunga waya. Akaniambia nimwagilie kila siku, maana athi, ndivyo mafundi wanavyoiita nondo hiyo, inataka unyevunyevu. Nikamwagilia. Asumini ilinawiri mwaka ule kuliko miaka yote, nikawa natunga vikuba vya kuvaa mpaka vinazidi.

Nilipata kuona ya mwenzangu siku nilipopeleka chakula cha arobaini ya mama yake. Nusu yake ilikuwa imezamishwa pembeni ya bomba, kwenye udongo wa haki, mweusi, unaopitiwa na maji. Nilisimama nikakitazama kipande kidogo kilichochomoza. Nilihisi moyo unaungua kwa kipande cha shaba. Yeye kapewa ardhi, mimi nimepewa chungu cha maua.

Basi tukaishi hivyo. Mume anakuja na vespa, inveta kaitia kwenye pakacha nyuma, kaifunika kitambaa kama mtoto mchanga. Anafika, kabla hajauliza hali anafungua skrubu, anafunga nyaya, anajaribu taa. Siku mbili zikimalizika anafungua tena, anaifunika, anaondoka nayo. Majirani wakawa wananitania dirishani. “Bi mkubwa, leo una jua au una mwezi?” Nikawajibu, “Nina friza yangu, nyinyi mna midomo yenu.”

Watu wanasema wivu wa mwanamke ni kitandani. Hawajawahi kungojea umeme. Mimi siku za zamu yake nilikuwa nakaa karibu na friza, mkono juu ya mfuniko, naisikiliza kama mtu anavyosikiliza pumzi za mgonjwa. Ukizimika, nampigia simu mume. Sina la kumwambia. Nampigia nisikie. Nikisikia feni nyuma yake inazunguka, au televisheni ya watoto, najua kule kuna umeme. “Upo huko?” namwuliza. “Upo wa sola,” ananijibu. Feni. Barafu zangu zinageuka uji wa ubuyu, na mtu anapepewa na inveta. Siku nyengine nilisikia blenda. Nilikata simu, nikazibeba barafu zote kwenye beseni nikazigawa bure mtaani, nikawa nasifiwa kwa ukarimu.

Na umeme ukizimika siku za zamu yangu nilifurahi. Nilikuwa nafungua dirisha ili watu waone taa.

Siku ile ilikuwa zamu yangu, baada ya adhuhuri, umeme umezimika. Mume alikuwa ameifunga inveta kwa haraka, maana wateja walikuwa chini wanaita. Zile nyaya, kwa kufunguliwa na kufungwa kila baada ya siku mbili, zilikuwa zimechoka. Ganda lilishaanza kukatika pale zinapopinda, kiasi cha kucha. Mimi mikono ilikuwa imelowa ubuyu, miguu mitupu, sakafu ina maji. Nikashika mpini wa friza.

Watu wanadhani umeme unakurusha. Mimi haukunirusha. Ulinishika, kama mtu aliyekuwa akinisubiri kwa muda mrefu. Mkono ulijifunga kwenye mpini na mimi niliutazama ukijifunga. Nilitaka kusema na meno hayakuachana. Nikamwona mume kasimama mlangoni, kisha simwoni, kisha namwona na mbuzi yangu ya nazi mikononi, kaishika miguu, anaupiga waya ukutani kwa ule ubao wake mpaka plagi ikatoka. Nikaanguka juu ya ndoo za ukwaju.

Aliyenifungia mauti ndiye aliyenifungua. Siwezi kumlaani yote wala kumshukuru yote, na hilo nalo namwekea.

Niliporudi kutoka hospitali mkono umefungwa, wifi alikuja kuniona. Alikaa, akala tende zangu, akasema, “Lakini na wewe ungevaa ndara.” Mke mwenzangu alikuja na supu. Nikaimwaga alipotoka. Baadaye nikajuta, ilikuwa inanukia.

Daktari alitaka kujua imekuwaje, sheha wa mtaa akapata habari, na shirika la umeme likaleta mkaguzi. Nilitegemea mwanamme mwenye tumbo. Akaja msichana, hijabu ya buluu, buti miguuni, tochi mkononi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Pita.”

Akaangalia betri chini ya ngazi. Akaangalia ule waya wenye plagi ya kiume pande mbili, akauinua kwa ncha za vidole. Akapanda juu, mume nyuma yake, mimi nyuma ya mume. Akauandama waya wa athi kwa tochi, japo jua lilikuwa linawaka, mpaka ukaingia kwenye chungu. Akachutama. Akayapekua majani ya asumini.

“Nani fundi?”

“Mimi,” alisema mume.

“Nusu ya pili iko wapi?”

“Mpendae.”

Akageuka kutazama upande Mpendae iliko, kama anayetaka kuhakikisha kuwa kasikia sawa. “Athi iko Mpendae?”

“Nusu. Kila mke na nusu yake.”

Msichana yule alikaa kwenye ukuta mdogo, akavua miwani akaifuta. Nafikiri alikuwa anajizuia kucheka kwa ajili ya mkono wangu. Kisha akasema naye pole pole, kama mwalimu wa watoto wadogo. Nondo inafaa ikiwa nzima, tena imezama ndani ya ardhi iliyoshikana na dunia. Chungu hakikushikana na kitu. Betri na inveta hazitembezwi. Anayezifunga awe fundi mwenye leseni. Lazima kuwe na swichi ya kugeuzia, ukiwa na wa nje huna wa ndani, ukiwa na wa ndani huna wa nje, usitegemee kumbukumbu ya mtu. Halafu mtu aende ofisini aombe ukaguzi kabla ya kuwasha.

“Na kubwa kuliko yote, mzee wangu,” akasema, “hii seti ni moja. Imepimwa ifanye kazi pamoja. Ikae nyumba moja.”

“Nyumba ipi?” aliuliza mume.

“Hilo si la shirika,” alisema msichana, akavaa miwani.

Akakata nyaya zetu, akaenda Mpendae akakata na kule. Alipoondoka mume alibaki kasimama juu, mkono begani. Sheria ilikuwa imemfanyia jambo ambalo hakuna mke aliyewahi kumfanyia. Ilimwambia achague.

Tukaitwa tena kwa wifi, mkeka ule ule.

“Hapana la kujadili,” alisema. “Mpendae kuna ardhi. Mjini kuna vyungu. Na isitoshe Mji Mkongwe huwezi kuweka kitu juu ya paa bila kibali. Iende Mpendae.”

Mume alinyanyua uso, nikaona umenawiri. Alipenda kusikia kuwa ni ardhi inayoamua. Angalipata kunidhulumu kwa kibali.

“Nipeni muda,” nikasema. “Na mimi nina ardhi.”

“Ipo wapi?” wifi akauliza. “Mchana wa leo imeota?”

Nikampigia binti yangu Tunguu. Nilimwambia atafute kila kinachohitajika kwa nyumba ya zamani, anisomee taratibu. Akaniambia kibali hupatikana kama paneli hazionekani kutoka njiani. Zetu zilikuwa nyuma ya ukuta wa juu, hata mimi nikiwa chini sizioni. Ofisini nilikwenda mwenyewe na mkono wangu umefungwa, nikasimama foleni, nikatumwa kupiga picha nyumba kwa pande zote, nikapiga. Kibali kikatoka. Kisha nikateremka kwa mwenye duka la vinyago. Nyuma ya duka lake kuna ua wa ndani, mdogo kama kitanda, una kisima kilichofukiwa zamani. Nikamwomba nizamishe nondo pale.

“Ile inayoua watu?” akasema.

“Ile inayozuia kuuliwa watu.”

“Bi mkubwa, weye kila siku unamwaga maji ya ndoo, yanadondoka kwenye kanga zangu.”

“Sitomwaga tena.”

“Hata ya ukwaju?”

“Hasa ya ukwaju.”

Akakubali. Nikarudi kwa mume, nikamwambia sasa nyumba mbili zote zina ardhi, na achague kama mwanamme. Akakonda. Akawa akija kwangu anakaa kimya, na akienda kule nasikia anakaa kimya. Seti yote ikakusanywa ikawekwa kwa dada yake chini ya turubali, na umeme unazimika vile vile, na friza yangu nimeifungua mfuniko nimetia nguo. Binti yangu akaniambia kwa simu kuwa ataacha chuo kwa muhula mmoja atafute kazi. Alisema kwa wepesi, kama anayezungumzia kubadilisha kiatu. Hapo ndipo niliposhikwa mara ya pili.

Mke mwenzangu akaja peke yake, asubuhi ya siku isiyo ya zamu yangu. Kapanda ngazi zote, kafika anahema. Hakuwahi kufika kwangu bila ya mume kuwapo. Nikampa kiti. Sikumpa maji mpaka alipoomba.

“Dada, mimi sikuzungushi,” akasema. “Chukua seti yote.”

“Kwa nini?”

“Friza unayo wewe. Mimi nina feni na taa.”

“Sikuuliza hilo.”

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekamatwa. Kisha ile sauti ya kulaza mtoto ikamtoka, nikaisikia sauti yake ya kweli kwa mara ya kwanza, nzito kidogo. “Niachie Ijumaa zako. Zote.”

Kwetu mke anaweza kumwachia mwenzake zamu, kwa ridhaa yake, hilo linajulikana. Lakini sikutegemea mtu aje kuinunua kwangu kwa betri.

“Wanangu wadogo,” akasema. “Siku nyengine anaingia wamelala, anatoka wamelala. Ijumaa hana kibarua. Nataka watoke naye msikitini, waje wale naye, siku moja ile ile kila wiki, wajue kuwa ipo.”

Wanangu mimi ni wakubwa, wameondoka. Ijumaa kwangu ni mzee mmoja na sahani ya pilau. Lakini Ijumaa za zamu yangu mume anatoka msikitini na kanzu yake nyeupe niliyoipiga pasi mwenyewe, anakaa kwenye baraza ya mlango wetu, watu wote wa mtaa wanampa mkono, na kila anayempa mkono ananyanyua macho dirishani kuniamkia. Mtaa mzima unaona kuwa bado nina mtu. Hiyo ndiyo Ijumaa yangu. Yule alijua anachokitaka. Angetaka Jumatatu ningempa na chenji.

Nilimtazama. Ngozi yake bado nzuri. Vidole vyake vyote kumi vimenyooka.

“Na nusu yako ya nondo,” nikasema.

“Ile haina kazi, Dada. Mkaguzi kasema inunuliwe nzima mpya.”

“Najua. Naitaka.”

Akatikisa kichwa, akakubali. Nikamwambia basi, Ijumaa ni zako. Akanibusu mkono ule ule mbovu kabla sijauondoa. Mume tulipomwambia alilia machozi kwa furaha. Alisema sisi ni wake wa peponi.

Fundi mwenye leseni alikuja, akafanya polepole mpaka nikachoka kumtazama. Nondo nzima iliteremka kwenye ua wa mwenye duka, ikaingia ikaingia mpaka nikadhani itatokea upande wa pili wa dunia. Swichi ya kugeuzia ikawekwa karibu na mlango wa jiko, nyekundu. Yule msichana akarudi na tochi yake, akapima, akasaini, akaniambia, “Hongera bibi, hii sasa ni salama.” Nikamwuliza kama kuna chombo cha kupima na mengine. Hakunielewa. Nusu mbili za nondo ile ya kwanza nimezitia kwenye dirisha la jiko, zinazuia mbao zisigongane na upepo.

Binti yangu yuko chuo. Friza inanguruma. Zamu nyengine zote anakuja kama kawaida, na kwa kuwa hana inveta ya kuifunga hajui aanze na nini, anakaa tu, ananitazama.

Ijumaa moja, baada ya alasiri, umeme ulizimika kisiwa kizima. Nikageuza swichi, friza ikaendelea. Nilikuwa dirishani. Nikasikia vespa. Wakatokea kwenye uchochoro wote wawili, yeye nyuma kashikilia pakacha ile ile ya inveta.

“Hodi, Dada,” akaita. “Umeme hakuna kule. Tuna kitu kitaharibika. Tuwekee mpaka kesho.”

“Naam,” nikasema.

Mume alishazima vespa. “Napandisha mimi,” akasema, akaweka mguu kwenye kizingiti.

“Leo siku gani?” nikamwuliza kutoka juu.

Mwenye duka alikuwa mlangoni kwake anasikiliza, na wanafunzi wawili wanakula barafu.

“Ijumaa,” akasema.

“Basi kaa hapo hapo. Usije ukainama.”

Wanafunzi wakacheka. Mwenye duka akamsogezea mume kigoda, akakaa kwenye baraza na kanzu yake, aliyopigiwa pasi na mwengine, na mistari yake haikukaa sawa. Nikateremsha kikapu changu. Mke mwenzangu akatia kitu kizito kilichofungwa kwenye mfuko, akanishikia kamba isizunguke. Nikakivuta kwa mkono wa kushoto, huu wa kulia ukisaidia kwa vidole vyake vitatu. Kilikuwa kizito kuliko nilivyofikiri. Nikakiweka juu ya meza, nikafungua nipate kujua nikipange wapi.

Alikuwa nguru. Mzima, kuanzia puani hadi mkiani, hajaguswa na kisu. Nikamgeuza. Upande wa pili nao ulikuwa na jicho.